Baiskeli ya mazoezi inataka 112, moyo wangu haufiki huko. Natumia atenolol

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Hamjambo wote. Nina miaka 61, nilifundisha hisabati sekondari hadi nikastaafu. Presha ninayo miaka mingi. Asubuhi nameza atenolol miligramu 50, usiku amlodipine miligramu 5. Sukari sina. Mara ya mwisho kliniki nilikuwa 134 kwa 82, na daktari aliridhika.

Goti langu la kushoto limesagika, kutembea mwendo mrefu siwezi tena. Mwanangu aliyeko Dodoma ndiye aliyeninunulia baiskeli ya mazoezi, ile ya kunyonga ukiwa umekaa palepale. Nimeiweka barazani. Goti halilalamiki kabisa, nashukuru Mungu. Tatizo ni moyo, au tuseme hesabu ya moyo.

Mbele ya mashine kuna kibandiko chenye jedwali: umri upande mmoja, mapigo ya moyo upande wa pili. Kwa miaka 60 wameandika 112, na pembeni yake asilimia 70. Nimekokotoa nikaona wametumia 220 toa umri, kisha wakazidisha. Sawa. Lakini mimi 112 siijui. Nimekaa tu, kabla ya chai, mapigo yangu ni 58 mpaka 60. Nikinyonga polepole saa ya mkononi inasoma 75, 78. Nikikaza mpaka jasho linachuruzika na mjukuu akiniuliza kitu siwezi kumjibu, saa inasema 96. Hapohapo nikishika vile vyuma viwili kwenye usukani, kioo cha mashine kinasema 141, mara 70, mara kinaonyesha vistari vitupu. Na nikiteremka nasikia kizunguzungu.

Nina maswali mawili. Kati ya saa na mashine, nani mkweli? Na hiyo 112 naifikiaje bila kuanguka? Mashine imegharimu fedha, mtoto amejinyima, nataka niitumie inavyotakiwa.

Kijana wa Ilala

Shikamoo mama. Hiyo atenolol ndiyo inayokushikilia, inapunguza mapigo. Mjomba wangu naye anaitumia. Siku ya mazoezi hamezi asubuhi, anameza jioni akishamaliza, na mapigo yanapanda vizuri tu. Jaribu hivyo.

Fizio Kaskazini

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia huku Kilimanjaro, wagonjwa wangu wengi ni wa kiharusi na wa moyo. Naanza na hilo la kuruka kidonge kwa sababu ndilo la hatari kuliko yote.

Usiruke. Atenolol inaukinga moyo usiitikie sana adrenalini, ile homoni inayouharakisha moyo. Ukiikatisha ghafla, moyo uliozoea kukingwa unaipokea adrenalini yote kwa mkupuo: mapigo yanaruka, presha inapanda, na mtu ambaye mishipa ya moyo imeanza kuziba bila yeye kujua anaweza kupata maumivu ya kifua, hata shambulio la moyo. Halafu mtu huyohuyo ndiyo apande baiskeli, wakati mazoezi yenyewe yanaongeza adrenalini mwilini! Dawa hii ikibidi kuachwa, daktari huipunguza kidogo kidogo. Kijana wa Ilala, najua umeandika kwa nia njema, ila naomba uzungumze na mjomba leo, usingoje wikiendi.

Sasa kibandiko. Mwalimu umeshakikokotoa mwenyewe, kwa hiyo nitakueleza kilikotoka. Hiyo 220 toa umri inatokana na makala ya mwaka 1971 ya Fox, Naughton na Haskell wa Marekani, waliokusanya matokeo ya tafiti mbalimbali wakapata mstari wa kukadiria kilele, yaani mapigo mengi kabisa ambayo moyo unaweza kufikia. Ni wastani wa watu. Ukichukua watu wawili wa miaka 61, wazima, wasiotumia dawa yoyote, kilele cha mapigo yao kinaweza kupishana kwa 20 na hakuna mwenye kasoro. Mwaka 2001 Tanaka na wenzake walitoa nyingine: 208 toa 0.7 mara umri. Kwako inatoa 165, wakati ile ya kwanza inatoa 159. Unaona tofauti ni ndogo. Ila zote mbili hazijui kwamba umemeza atenolol. Dawa imekushusha kilele, na hakuna hesabu ya umri itakayokwambia kimeshuka mpaka wapi. Kwa mwingine hushuka kwa mapigo 20, kwa mwingine 30 au zaidi, kutegemea dozi na mwili wake.

Kwa hiyo 112 ya kibandiko siyo asilimia 70 yako. Inawezekana kabisa ipo karibu na mwisho wa uwezo wa moyo wako ukiwa ndani ya dawa. Na ile 96 unayoiona ndogo, kwako ni kubwa. Ushahidi umeutoa mwenyewe: mjukuu anauliza, bibi hawezi kujibu.

Huyo mjukuu mkalishe karibu, ndiye kipimo chako cha kwanza. Ukiwa kwenye kasi ya wastani unaweza kusema sentensi nzima ukaimaliza, lakini kuimba huwezi. Ukiweza kuimba ubeti mzima, umelegea, ongeza kidogo. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati, umezidisha, legeza. Kipimo hiki hakidanganywi na dawa, kwa sababu kinapima pumzi yako na siyo mapigo.

Kipimo cha pili kilianzishwa na Gunnar Borg, Msweden: unajipa mwenyewe alama za uzito wa kazi. Ile ya awali inaanza 6 hadi 20, lakini wagonjwa wangu nawapa rahisi ya 0 hadi 10. Sifuri umekaa kitini, kumi huwezi kuendelea hata sekunde moja. Wewe unayeanza kaa kwenye 3 au 4 wiki za mwanzo, baadaye 5 hadi 6. Saba usiiguse mpaka daktari aseme.

Kuhusu namba: wagonjwa wasiowahi kupimwa moyo wakiwa mazoezini, mara nyingi tunawaanzisha kwa mapigo ya kupumzika kuongeza 20 mpaka 30. Wewe ni 60, kwa hiyo 80 hadi 90. Hiyo ni ya kwenda nayo kwa daktari aikubali au aibadilishe, kwa sababu yeye ana faili lako na mimi sina. Njia ya uhakika ni kipimo cha ECG, yaani cha umeme wa moyo, ukiwa unatembea kwenye mashine au unanyonga baiskeli, huku umemeza dawa zako kama kawaida isipokuwa daktari akielekeza vingine. Hapo kilele chako halisi kinaonekana. Hufanyika hospitali zenye wataalamu wa moyo, kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili.

Saa na mashine. Vile vyuma vya usukani vinatafuta umeme mdogo wa moyo kupitia viganja. Mkono ukicheza, ukiwa na jasho jingi au umepaka mafuta, vinapotea njia. Saa inamulika taa ya kijani kwenye ngozi na kusoma damu inavyojaa na kupungua. Hiyo nayo hukosea ikilegea au ukiukunja mkono kwa kukamata usukani kwa nguvu. Ifunge juu kidogo ya kifundo cha mkono, upana wa vidole viwili, ikaze bila kuumiza. Ila hakimu ni vidole vyako. Simamisha miguu, weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba, usitumie dole gumba maana lina mdundo wake, hesabu sekunde 15 na zidisha kwa 4. Anza kuhesabu papo hapo, maana mapigo huanza kushuka mara tu unapoacha, kisha endelea kunyonga.

Na kizunguzungu. Ukinyonga, misuli ya miguu inasukuma damu kurudi juu. Ukiacha ghafla na kusimama, damu inabaki miguuni. Mtu mwingine moyo wake ungekimbia haraka kufidia. Wako umefungwa breki na atenolol, na amlodipine nayo imeitanua mishipa. Ndiyo maana dunia inazunguka. Kwa hiyo dakika 5 hadi 10 za mwisho kaza kidogo mno, nyonga kama unayekwenda sokoni bila haraka, kisha kaa hapo kwenye kiti, ndipo uteremke. Na mwanzoni vilevile, dakika 5 hadi 10 za kupasha mwili.

Ukisikia kifua kinabana, maumivu yanayokwenda bega, mkono au taya, pumzi inakatika kuliko kazi unayofanya, au moyo unapiga ovyo bila mpangilio, acha. Kisipotulia ndani ya dakika chache ni hospitali, siyo kulala kwanza.

Mzee wa Kisauni

Salaam aleikum, bi mwalimu. Mimi ni wa Mombasa, nina miaka 66, dawa yangu ni losartan peke yake, hiyo haishiki mapigo. Nataka kuongeza jambo moja ambalo huyu bwana wa Kilimanjaro kwenye baridi huenda halimsumbui, nalo ni joto letu la pwani.

Baiskeli yangu iko ndani, dirisha moja. Kipindi cha Kaskazi nikianza kunyonga mapigo huwa 105. Sijabadilisha chochote, kukaza ni kulekule, mwendo ni uleule, na baada ya nusu saa yamefika 118, 120. Daktari wangu wa hapa alinieleza kwamba mwili unapeleka damu kwenye ngozi ipoe, na jasho linapunguza maji, basi moyo unalazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ileile. Dawa yake ni feni ikuelekee kifuani, chupa ya maji mkononi, na alfajiri au baada ya Asri, si saa saba mchana. Na mapigo yakipanda legeza mguu, usiyaachie yapande eti kwa sababu kukaza hujabadilisha.

Mwezi wa Ramadhani mimi hunyonga kidogo baada ya kufuturu, nikishapumzika na kunywa maji. Nikiwa nimefunga siipandi.

Fizio Kaskazini

Mzee wangu, umenena sawasawa, na Moshi mjini hakuna baridi kama mnavyodhani! Naongeza kwamba ukiwa kwenye atenolol ongezeko hilo la joto unaweza usilione kwenye saa, kwa sababu moyo umezuiwa. Utaliona kwenye uchovu na pumzi. Mwalimu, sababu nyingine hiyo ya kutotegemea namba peke yake.

Neema wa Njiro

Habari zenu. Mimi nina miaka 47, sina presha, situmii dawa, ila mama yangu alifariki kwa moyo kwa hiyo nipo makini. Nanunua mkanda wa kifuani wiki hii, nimeambiwa ni sahihi kuliko saa. Mapigo yangu ya asubuhi ni 72. Mimi nitumie ile 220 kama ilivyo?

Fizio Kaskazini

Pole kwa mama. Ndiyo, mkanda husoma umeme wa moyo kifuani, na kwenye baiskeli ndio wa kuaminika zaidi katika vifaa vya nyumbani. Lowanisha zile sehemu zinazogusa ngozi kabla ya kuufunga, ukiwa mkavu unasoma vibaya dakika za mwanzo. Kwa asiye na dawa kuna njia nzuri ya Karvonen, Mfini, ya mwaka 1957, inayoingiza mapigo yako ya kupumzika. Toa mapigo ya kupumzika kwenye kilele, chukua asilimia 40 hadi 60 ya kilichobaki, kisha rudisha mapigo ya kupumzika. Na kwa historia hiyo ya mama, mweleze daktari kabla hujaanza mazoezi makali, hata kama hujisikii chochote.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Neema mwanangu, nikufanyie. 220 toa 47 ni 173. Toa 72 inabaki 101. Asilimia 40 ya 101 ni 40, ukirudisha 72 unapata 112. Asilimia 60 ni 61, ukirudisha unapata 133. Kwa hiyo wewe ni kati ya 112 na 133, na ile 112 iliyonisumbua mimi kwako ndiyo kwanza mwanzo! Hapo ndipo nimeelewa vizuri ubaya wa kibandiko. Kimempa kila mwenye miaka yangu jibu moja bila kuuliza anaanzia wapi na amemeza nini. Mwanafunzi akiniletea jibu la hivyo namrudishia daftari.

Mwanangu wa Kilimanjaro, marahaba, na asante sana. Nimefanya ulivyosema. Nilinyonga mpaka saa ikaonyesha 96, nikasimamisha miguu, mjukuu akashika muda. Nimepata mapigo 24 kwa sekunde 15, ambayo ni 96 kamili. Saa ni mkweli. Mashine wakati huo ilisema 138. Vile vyuma nimeacha kuvishika, mikono naiweka kwenye sehemu yenye sponji, wala siikazi.

Nimekwenda kliniki na daftari langu. Nimeandika mapigo kabla, katikati na mwisho, presha ya asubuhi, na alama ile ya 0 hadi 10. Daktari alilisoma lote. Akanipima ECG nikiwa nimelala, akasema iko vizuri kwa umri wangu, na dozi ameiacha vilevile. Amekubali 80 hadi 90, akasema ikizidi 90 nilegeze hata kama najisikia vizuri, tuonane baada ya miezi mitatu. Ameongeza kwamba siku nikiamka na presha ya 180 kwa 110 au zaidi sinyongi, nirudi kliniki. Na siku ya homa pia sinyongi.

Sasa ratiba yangu ni hii. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikishameza dawa na kunywa uji kidogo, feni nimeivuta barazani kama alivyosema mzee wa Kisauni. Napasha mwili dakika 8, nanyonga dakika 12 kwenye 84, 86, nazungumza na mjukuu kuhusu shule, kisha dakika 8 za kupoza. Kizunguzungu hakipo. Naona aibu kidogo kusema dakika 12 ni mazoezi, lakini daktari ameniambia tuanze hapo.

Fizio Kaskazini

Usione aibu hata kidogo, mwalimu. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kasi ya wastani, ila hakuna aliyesema zifike wiki ya kwanza, na wenyewe wanasema kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Ongeza dakika 2 hivi kila wiki, kukaza usiguse kwanza. Ukifika dakika 30 mara tano kwa wiki umezitimiza 150.

Hilo daftari endelea nalo. Ongeza safu moja: mapigo dakika moja baada ya kuacha kukaza. Usijilinganishe na mtu, jilinganishe na wewe wa mwezi uliopita. Ikiwa kazi ileile inakupa mapigo machache zaidi na alama ndogo zaidi, moyo unapata nguvu. Ikiwa kwa siku kadhaa mfululizo kazi ileile inakuchosha kuliko zamani, miguu inavimba au pumzi inakatika ukilala chali, usingoje miezi mitatu. Na wakibadilisha dawa au dozi, ile 80 hadi 90 imekufa, uliza upya.

Mzee wa Kisauni

Kiti nacho, bi mwalimu, kwa ajili ya goti. Pedeli ikiwa chini kabisa goti libaki limekunjika kidogo tu. Kikiwa chini sana goti linabanwa na utaanza kulia upya.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Nimekipandisha tundu moja, afadhali kweli. Shukrani mzee wangu.

Kijana wa Ilala

Mama, samahani kwa ule ushauri. Nimeongea na mjomba. Kumbe hata siku zisizo za mazoezi anaruka akisahau, na akisikia moyo unakwenda mbio anameza viwili kwa pamoja. Ana miaka 59. Fizio, nimwambie nini?

Fizio Kaskazini

Asimeze viwili kufidia. Dozi mbili kwa mpigo zinaweza kushusha mapigo na presha mpaka azimie. Kama amesahau na muda wa dozi inayofuata umekaribia, aiache hiyo iliyopita, ameze inayofuata kwa wakati wake. Baiskeli aiache kwanza mpaka aonane na daktari, kwa sababu moyo unaokwenda mbio ukiwa umekaa unahitaji ECG. Aende wiki hii, na akisikia kifua kinabana iwe leo hii na iwe dharura. Mwambie asimfiche daktari kwamba amekuwa akiruka. Daktari akidhani anameza kila siku na presha bado iko juu, atamwongezea dozi, na siku mjomba akiamua kumeza zote kama ilivyoandikwa ndipo ataanguka. Kama tatizo ni kusahau, zipo dawa nyingine za presha zisizoshika mapigo ambazo daktari anaweza kuziangalia. Ukiweza, mpeleke mwenyewe, na mbebe vidonge vyote anavyotumia, hata vya mitishamba.

Kijana wa Ilala

Nimempigia mke wake, Jumatano asubuhi tunakwenda naye wote watatu. Vidonge ameshaviweka kwenye mfuko.